Mlingoti Ulioangukia Kusini

Jumapili, saa nane na robo mchana, mzee Kashindye alikuwa akipanda kilima kidogo kilicho kati ya mji wa Magu na ziwa, akitoka kanisani, joho la kwaya la bluu bado likiwa mwilini. Aliinua macho kutafuta ncha ya mlingoti aliokuwa akiulinda, kama alivyozoea kufanya kila siku kwa miaka miwili. Macho yake yakakuta anga tupu.

Mlingoti wa chuma wa mita sitini ulikuwa umelala juu ya shamba la dengu, ncha yake ikielekea kusini, upande wa barabara kuu. Vikombe vilivyokuwa vikizunguka angani kupima kasi ya upepo vilikuwa vimepondeka. Kisanduku cha chuma kilichokuwa kikihifadhi vipimo kilikuwa wazi. Hakikuvunjwa, kilifunguliwa kwa ufunguo, na kadi ya kumbukumbu haikuwamo.

Kashindye hakugusa kitu. Aligeuka, akatembea kilomita nne hadi kituo cha polisi, akatoa taarifa. Ilipotimu saa kumi na mbili jioni alikuwa mahabusu, na joho lake la kwaya.

Siku iliyofuata, saa moja na dakika hamsini asubuhi, Inspekta Projest Muganyizi alishuka kwenye gari mbele ya kituo hicho, akitokea Mwanza. Alikuwa ameahidi kufika saa mbili. Muganyizi alisoma shule ya bweni huko Kagera, na kwa miaka minne alikuwa mpiga kengele wa shule; tangu hapo hakuwahi kuchelewa mahali popote, wala hakuwahi kumwamini mtu anayesema "saa mbili hivi."

Mkuu wa kituo alimpa maelezo kwa ufupi. Utafiti wa upepo uliongozwa na Dkt. Jonathan Bagenda wa Mwanza. Kama vipimo vya miaka miwili vingeonyesha upepo wa kutosha, mitambo kumi na miwili ya kuzalisha umeme ingejengwa kilimani hapo. Jumapili jioni Dkt. Bagenda mwenyewe alileta karatasi iliyochapwa na kompyuta ya ofisini kwake, inayoonyesha dakika ambayo mlingoti ulituma taarifa yake ya mwisho: 08:10.

"Saa mbili na dakika kumi asubuhi," alisema mkuu wa kituo. "Zamu ya mlinzi inaisha saa tatu. Na nyumbani kwake tumekuta waya wa chuma wa aina ileile. Amefanya mipango na wanunuzi wa chuma chakavu, basi. Jumatano saa tatu asubuhi tunampandisha kizimbani."

Muganyizi aliomba kumwona mtuhumiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye wa kunipeleka mahakamani?"

"Mimi nimekuja kujua kilichotokea. Jumapili uliondoka kilimani saa ngapi?"

"Saa tatu kamili. Nikafunga geti, nikaenda kanisani. Ibada inaanza saa nne, na mimi ndiye sauti ya nne. Nikikosa, kwaya inabaki kama ng'ombe wa miguu mitatu. Mlingoti niliuacha umesimama."

"Nani alikupokea zamu?"

"Jumapili mchana hakuna mlinzi. Wote wanalijua hilo."

"Mtaalamu anasema ulianguka saa mbili na dakika kumi."

Mzee alicheka kicheko kikavu. "Basi uliniangukia kichwani, na sikusikia! Afande, chuma cha mita sitini kikidondoka, hata marehemu wanageuka upande wa pili."

"Na waya uliokutwa kwako?"

"Alinipa Dokta Bagenda mwenyewe, walipobadilisha nyaya mwaka jana. Mke wangu, Mama Shimba, anaanikia nguo. Nendeni mkaangalie, shati langu liko juu yake mpaka sasa hivi." Kisha sauti yake ikashuka. "Baba, nina miaka hamsini na tisa. Sijawahi kuchukua hata msumari wa mtu. Nikifungwa kwa wizi, sitarudi kusimama mbele ya lile kanisa. Heri nifie humu."

Muganyizi hakumpa faraja, maana hakupenda kuahidi asichokuwa nacho mkononi. Aliandika maneno yote katika daftari, akayasoma kwa sauti, mzee akatia sahihi.

Saa mbili na nusu alikuwa kilimani. Chini ya kilima mama mmoja alikuwa akikaanga maandazi, na moshi wa jiko lake ulilala chini ukaelekea ziwani, upande wa kaskazini. Muganyizi alitazama, akaandika. Aliandika kila alichokiona, hata kile ambacho hakujua kazi yake.

Mlingoti ulikuwa umeshikiliwa na nyaya za pande zote nne, kila waya ukiwa na skrubu kubwa ya kuukazia karibu na ardhi. Alizipitia moja baada ya nyingine. Hakuna waya uliokatwa. Nyaya za kaskazini, upande wa ziwa, skrubu zake zilikuwa zimefunguliwa hadi mwisho kwa spana, taratibu, na mtu aliyejua anachofanya. Grisi mbichi ilikuwa imetapakaa kwenye majani. Nyaya za kusini hazikuguswa. Alijiuliza ni mwizi gani wa chuma chakavu anayeangusha mzigo wote ule kisha akaondoka bila hata kipande.

Akiwa anapima umbali kwa hatua, upepo mwingine ulimjia kutoka ziwani, ukamvua kofia na kuibiringisha kuelekea barabara kuu. Alitazama saa yake: saa tano kasoro dakika nane. Akaiandika hiyo pia, kisha akaifuata kofia.

Kijijini walimtajia jina moja. Naushad, mfanyabiashara wa mabati na saruji mwenye duka Mirongo, jijini Mwanza, ndiye mmiliki wa shamba lile la dengu, na mwezi Februari aliapa mbele ya watu kwamba mlingoti ule utang'oka. Saa nane na nusu mchana Muganyizi alikuwa dukani kwake.

"Niliapa, ndiyo!" Naushad hakungoja swali la pili. "Nyaya zao zimepita katikati ya dengu zangu, trekta haligeuki. Mtu akikasirika asiseme?"

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, Inspekta. Nilifungua saa mbili, nikafunga saa saba. Muulize mke wangu Gulbanu, yule pale anayekutazama kama umekuja kuomba mkopo. Lakini nikuulize na mimi. Mitambo kumi na miwili ikijengwa, kila mmoja unakula saruji kiasi gani chini yake?"

"Sijui."

"Mimi najua. Nimeshapiga hesabu. Na duka la karibu lenye saruji ya kutosha ni la nani?" Alijipiga kifuani. "Mlingoti ukipima vizuri, natajirika. Niuangushe, nina wazimu?"

Bibi Gulbanu, bila kuinua kichwa kwenye kikokotoo chake, alisema, "Wazimu anao, lakini si wa biashara." Muganyizi alifunga daftari. Hasira ya Naushad ilikuwa ya kweli, na faida yake pia ilikuwa ya kweli. Mtu wa namna hiyo hulalamika, haangushi.

Ofisi ya watafiti haikuwa mbali. Saa kumi kamili Muganyizi alibisha mlango, na sauti aliyoijua tangu ujana ikamwambia aingie.

"Mpiga kengele!" Dkt. Jonathan Bagenda alisimama, mrefu, miwani ikimeta. "Umenenepa, bwana mdogo. Lakini hujachelewa."

"Shikamoo, Kiranja."

Ndivyo alivyomwita, na hakuona aibu. Bagenda alikuwa kiranja mkuu Muganyizi alipoingia kidato cha kwanza. Siku moja kengele ya darasa ilichelewa kulia kwa dakika tatu, na Bagenda alimsimamisha mpiga kengele mbele ya shule nzima. "Dakika tatu mara wavulana mia nne," alimwambia, "ni saa ishirini ulizoiba kwa watu wasioweza kukudai." Adhabu ilikuwa kuchimba shimo la takataka. Muganyizi alilichimba bila kinyongo, kwa kuwa maneno yale yalikuwa ya haki, na tangu siku ile alimheshimu Bagenda kuliko walimu wengi.

"Funguo za kile kisanduku ziko ngapi?" aliuliza.

"Mbili. Wangu, na wa msaidizi wangu Kokulinda, ambaye yuko Bukoba kwenye harusi ya dada yake. Nadhani Kashindye alichonga wa tatu. Inaniuma, nilimpenda yule mzee."

"Wewe mara ya mwisho ulifika Magu lini?"

"Alhamisi. Jumapili saa mbili asubuhi nilikuwa nyumbani Buzuruga, hapa hapa Mwanza, nakunywa chai na mke wangu na mchungaji wetu. Saa tatu na nusu walikuwa bado wapo. Waulize."

"Na baada ya saa tatu na nusu?"

"Nilipumzika. Kuna haja gani, Projest? Mlingoti ulishaanguka."

Alimsindikiza mgeni hadi nje, akafungua buti ya gari lake kuweka mafaili. Ndani mlikuwa na kiroba cha mchele, mdomo wake umefungwa kwa utepe wa kitenge cha kijani chenye maua ya manjano.

"Mchele mzuri huo," alisema Muganyizi.

"Wa mama watoto. Wa hapa sokoni Buzuruga."

Usiku ule Inspekta alilala vizuri, jambo ambalo baadaye lilimshangaza.

Jumanne, saa mbili asubuhi, Kokulinda alimpokea mezani kwake, mikono bado ina hina ya harusi. Meli ilikuwa imemfikisha Mwanza alfajiri ileile. Tiketi ilikuwapo, picha za harusi ya Jumapili zilikuwapo nyingi kupita kiasi. Muganyizi aliziangalia tatu, akaridhika, kisha akamwekea mbele ile karatasi ya kompyuta.

"Nisomee hii kama unavyomsomea mtoto wa shule."

"Afande, hii sijaonyeshwa." Aliivuta karibu. "Taarifa ya mwisho, 08:10. Kasi ya upepo mita saba kwa sekunde. Mwelekeo nyuzi mia tatu na arobaini, yaani unatoka kaskazini, ziwani, ukienda nchi kavu."

"Saa mbili asubuhi upepo unatoka ziwani?"

"Hapana. Asubuhi unatoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa sababu usiku nchi hupoa na maji hubaki na joto. Jua likishapasha ardhi, ndipo unageuka. Upepo wa ziwa pale Magu huamka kuanzia saa nne, saa tano. Ndio msingi wa utafiti wetu wote."

Muganyizi alifungua daftari lake. Moshi wa maandazi, saa mbili na nusu, ukielekea ziwani. Kofia, saa tano kasoro dakika nane, ikielekea barabarani.

"Basi kompyuta imekosea."

"Haikukosea." Kokulinda aliweka kidole juu ya ile 08:10. "Afande, mashine zetu zote zinatumia saa ya Grinwichi. Ndivyo wanavyofanya watu wa hali ya hewa dunia nzima, ili vipimo vya Magu na vya kwingineko visomeke pamoja. Ukitaka saa ya hapa kwetu, unaongeza tatu."

"Saa mbili na dakika kumi inakuwa..."

"Saa tano na dakika kumi mchana. Kila mtu ofisini hapa anajua. Mimi nilifundishwa wiki ya kwanza."

"Nani alikufundisha?"

Aliisogeza karatasi mbali naye. "Dokta mwenyewe," alisema.

Muganyizi aliiandika saa hiyo. Saa tano na dakika kumi, Kashindye alikuwa akiimba sauti ya nne mbele ya kanisa zima. Na nyaya za kaskazini ukizilegeza huku upepo ukitoka kaskazini, mlingoti hauna budi kulala kusini. Upepo wenyewe ulikuwa umetoa ushahidi, na aliyeleta karatasi polisi alijua kuusoma kuliko mtu yeyote wa Mwanza.

"Kwa nini mtu aharibu kazi yake mwenyewe?" aliuliza, akijisemea zaidi kuliko kumuuliza.

Kokulinda alikwenda kufunga mlango. Aliporudi alifungua ripoti kubwa ya mwaka wa kwanza.

"Wakaguzi wanakuja Jumatatu. Watachukua kadi ya kumbukumbu na kuilinganisha na ripoti hii. Mimi niliajiriwa Desemba. Wiki mbili zilizopita niliona kitu kuanzia Juni hadi Septemba. Angalia. Miezi mingine yote upepo wa ziwa unaanza saa nne. Miezi hii minne, unaanza saa moja asubuhi. Kila siku."

"Saa tatu kabla ya wakati wake."

"Vipimo vya mlingoti vikiingizwa kwenye ripoti, programu huongeza saa tatu yenyewe. Hivi havikupita kwenye programu. Viliandikwa kwa mkono, kutoka kwenye madaftari ya kituo fulani cha zamani cha hali ya hewa, na madaftari hayo yote ni ya Grinwichi. Mtu aliyezoea hayo madaftari miaka thelathini haoni hata kosa. Kwake, hiyo ndiyo saa." Alifunga ripoti. "Nilimuuliza Dokta. Aliniambia miezi ile kulikuwa na baridi."

Saa saba mchana Muganyizi alikuwa tena Magu, kando ya barabara kuu, akitembea mbele ya mafungu ya mchele. Fungu la sita lilikuwa la mwanamke mnene aitwaye Justa. Viroba vyake vilifungwa kwa utepe wa kitenge cha kijani chenye maua ya manjano.

"Karibu baba, mchele mpya, unanukia mpaka jirani anakuja na sahani!"

"Huo utepe wanautumia na wengine?"

"Nani? Hiki kitenge changu mwenyewe, kimechanika Jumamosi kwenye msiba wa shemeji. Nikasema kisitupwe. Jumapili ndiyo nimeanza kufungia."

"Jumapili ulimuuzia mtu mrefu, mwenye miwani, gari jeupe?"

"Yule! Saa sita ilikuwa haijafika, watu bado kanisani. Hakupatana bei hata kidogo, nikajua huyu ana mawazo. Mikono yake imejaa grisi, nikamwambia baba, mchele wangu mweupe huo, nawa kwanza! Nikampa maji na sabuni." Alimtazama Inspekta kwa huruma. "Gari lilimharibikia, maskini?"

"Ndiyo," alisema Muganyizi. "Lilimharibikia."

Saa kumi kamili jioni aliingia ofisini kwa Bagenda bila kukaa. Kokulinda alikuwapo, na askari wawili walibaki mlangoni.

"Kiranja, naomba uniambie saa moja tu. Mlingoti ulianguka saa ngapi?"

"Nimeandika. Saa mbili na dakika kumi."

"Umeandika 08:10. Mkuu wa kituo akasoma kama anavyosoma saa yake ya mkononi, nawe ukamwacha. Ya Grinwichi au ya Magu?"

Bagenda alivua miwani, akaifuta. "Ni jambo dogo la kitaalamu. Nilisahau kueleza."

"Wewe ndiye unayelifundisha kila anayeajiriwa hapa. Ulikumbuka chai na mchungaji hadi saa tatu na nusu, ukasahau hilo? Mtu asiye na hatia hujitetea kwa saa ambayo jambo limetokea. Wewe ulijitetea kwa saa uliyoitunga."

"Projest, chunga maneno."

"Baada ya chai uliendesha gari hadi Magu, ukijua Jumapili mchana hakuna mlinzi. Ulingoja upepo ugeuke, kwa sababu unajua upepo. Ulifungua nyaya za ziwani, mlingoti ukalala kusini. Ukafungua kisanduku kwa ufunguo wako, ukachukua kadi. Kisha ukafanya anachofanya kila mtu wa Mwanza akipita Magu, ukasimama kununua mchele. Mama Justa alikunawisha grisi. Utepe wa kiroba chako ni kitenge chake, na kilichanika Jumamosi. Hukununua Alhamisi, wala Buzuruga."

Bagenda alimtazama Kokulinda, naye hakuinamisha macho.

"Juni hadi Septemba hakukuwa na vipimo," alisema Muganyizi.

Bagenda alirudisha miwani usoni. Aliposema, sauti yake ilikuwa ileile ya kiranja, iliyonyooka.

"Radi ilipiga kisanduku mwezi wa sita. Kila mwezi nilitakiwa kwenda kukikagua, na kila mwezi nilitia sahihi kwamba nimekagua. Sikwenda. Nilikuwa na mikutano, nilikuwa na makala za kuandika. Niliamini chombo kitajiendesha, na kifaa cha kutuma taarifa ofisini kilikuwa bado hakijafungwa. Nilipokifungua mwezi wa tisa, mlikuwa na majivu." Alivuta pumzi. "Miezi minne, Projest. Nisimame mbele ya watu niseme Jonathan Bagenda alisaini asichokiona? Upepo pale upo. Ni wa kweli. Nilijaza pengo kwa vipimo vya kweli vya kituo cha jirani. Sikumdhulumu mtu."

"Kashindye?"

"Nilikusudia kumwekea wakili mzuri. Angetoka."

"Angetoka akiitwa mwizi."

Bagenda aliinuka, akaja karibu, akashusha sauti. "Mimi na wewe tumelala bweni moja. Jina langu liko ukutani pale shuleni, kwenye ule ubao wa viranja. Wadogo wanalisoma. Nipe mpaka Jumatatu, nitasema mwenyewe, kwa namna yangu."

Muganyizi alihisi uzito wa jina lile, kwa maana alikuwa amelisoma asubuhi nyingi akienda kupiga kengele. Aliutoa ule uzito kifuani, akauweka kando.

"Ulinisimamisha mbele ya wavulana mia nne kwa dakika tatu," alisema. "Uliniambia nimeiba muda wa watu wasioweza kunidai. Nilikuamini, Kiranja. Mpaka leo nakuamini. Umemwibia yule mzee muda wa saa tatu, naye hana hata saa ya mkononi ya kukudai. Mimi nimekuja kumdaia. Kadi iko wapi?"

Bagenda alisimama wima kidogo, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe kwenye gwaride. Kisha alivuta droo, akatoa kadi ndogo iliyofungwa ndani ya leso, akaiweka mezani.

"Umefika saa ngapi hapa?" aliuliza.

"Saa kumi kamili."

"Andika hivyo," alisema Bagenda, akanyoosha mikono.

Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi, Muganyizi alimkabidhi mkuu wa kituo cha Magu karatasi za kumwachia mtuhumiwa. Mkuu wa kituo alizisoma mara mbili, akipotea katika ile hesabu ya Grinwichi, hadi Inspekta alipomchorea ukutani kwa chaki nyuso mbili za saa, moja ya Grinwichi na moja ya Magu.

Kashindye alitoka akiwa na joho lake la bluu, limekunjamana na kupata vumbi, viatu mkononi. Nje walikuwa wakimngoja mkewe, mchungaji, na wanakwaya kumi na wawili waliokuja tayari kumsindikiza mahakamani.

"Saa ngapi, baba?" alimuuliza Muganyizi mlangoni.

Inspekta hakukadiria. Alikunja mkono wa shati, akatazama, akangoja mshale wa dakika ufike juu kabisa.

"Saa tatu kamili, mzee. Ya hapa kwetu."

Kashindye alivaa viatu, akafunga vifungo vya joho mpaka shingoni, akashuka ngazi kuelekea kwa wenzake.